Ulemavu na mazingira katika ushairi wa sasa: mtafiti aanzie wapi?

Mwanafunzi wa uzamili, Tudor

Assalamu alaykum walimu na malenga. Ninaandaa pendekezo la tasnifu kuhusu jinsi ushairi wa sasa unavyoeleza uhusiano wa watu wenye ulemavu na mazingira wanamoishi. Nimesoma tafiti za Marekani, hasa zinazomhusu Larry Eigner (1927–1996), mshairi aliyekuwa na mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa, ambaye aliishi kwa wazazi wake Swampscott, Massachusetts, hadi 1978, akipiga taipureta kwa kidole cha shahada na gumba vya mkono wa kulia, na kuandika juu ya ndege, miti na mwanga alivyoviona akiwa barazani. Msimamizi wangu anashauri nikusanye mashairi ya Kiswahili yanayotaja upofu, uziwi na ulemavu wa viungo, kisha niyachambue. Moyo wangu haujatulia na njia hiyo. Nifanyeje hapa Mombasa?

Mwalimu mstaafu, Kisauni

Wa alaykum salaam, mwanangu. Shaka yako ina msingi. Ukikusanya kila ubeti unaotaja upofu utapata mafumbo mengi, kwa kuwa kipofu wa mashairi mara nyingi ni mtu mwenye macho mazima aliyekataa kuelewa. Huo ni uchambuzi wa tamathali, nao una nafasi yake, lakini haukuelezi lolote kuhusu mtu anayepita sokoni Kongowea bila kuona. Eigner mara nyingi hakuutaja ulemavu wake. Wanaomtafiti huutazama katika umbo: mwendo wa mkono wake, nafasi alizoacha kwenye karatasi, na upeo wa kile alichoweza kukiona kutoka pale alipoketi.

Nawe waulize watunzi wetu swali hilohilo: mwili wa mtunzi umeingiaje katika shairi? Tarbia, yaani shairi la mishororo minne kwa kila ubeti, yenye mizani (silabi) 16 kwa mshororo, hughanwa, na vina humsaidia asiyeona kuihifadhi moyoni. Kwa hiyo usiishie vitabuni. Chukua kinasa sauti, omba idhini, na uwasomee watunzi ulichoandika kabla hujakiwasilisha chuoni.

Mtunzi asiyeona, Kibokoni

Namuunga mkono mwalimu. Katika vichochoro vya Mji wa Kale ninajua nilipo kwa mlio wa fimbo yangu: penye ukuta sauti hunirudia upesi, na penye mlango ulio wazi hupotelea ndani. Pepo za kusi zinapoanza na masika yakashuka, maji ya mifereji huufunika mlio huo nikalazimika kupapasa kuta. Pikipiki ikiegeshwa katikati ya njia, ndipo hasa ninapokwama. Nilitunga beti juu ya hayo, na mhariri mmoja akanitaka niongeze huzuni ya kuishi gizani. Nilikataa, kwa sababu linaloniumiza ni njia iliyozibwa, na njia huzibuliwa.

Waendee pia wanaotumia viti vya magurudumu Likoni. Maji yakipwa, mteremko wa kuifikia feri hurefuka, na anayeuteremka kwa mikono yake huzijua saa za maji kujaa na kupwa sawasawa na mvuvi. Ukiandika juu ya ushairi wa bahari bila ya kumsikiliza mtu huyo, utakuwa umeacha elimu kubwa.

Mkazi wa Mikindani

Naomba niongeze jambo zito. Hapa jirani, Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwasumisha wakazi kwa madini ya risasi. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa kuitengua hukumu hiyo, Mahakama ya Upeo iliirejesha Desemba 2024. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na madhara hayo hayaondoki. Kwa hiyo, dada au kaka mtafiti, mazingira hayamzuii mtu njiani pekee. Huweza kuwa ndiyo yaliyomlemaza.

Hapo mshairi ana kazi ngumu. Anapaswa kuilaani sumu kwa nguvu zote, na wakati huohuo asimchore mtoto aliyedhurika kana kwamba maisha yake yamekwisha. Mtoto huyo anacheza, anakasirika, ana wimbo anaoupenda. Mashairi ya uchafuzi wa mazingira ambayo nimeyasikia yakighanwa kwenye mikutano yetu humtaja kama ushahidi tu, na mama za watoto kama huyo huketi wakiyasikiliza. Ningependa sura moja ya tasnifu yako iwaulize mama hao wangetaka shairi liseme nini.