Wakuu, nipunguzeje uzito wa baiskeli yangu ya zamani ya gia kwa laki na nusu?

Mpanda Ipogolo
Heshima kwenu wakuu. Nakaa Ipogolo, kazi yangu iko Iringa mjini. Anayeijua Iringa ameshaelewa shida yangu: asubuhi ni mlima mtupu, jioni ni kuachia breki tu.

Mwaka jana nilinunua baiskeli ya mtumba, zile za milimani, ringi 26, gia tatu mbele na saba nyuma. Fremu ni ya chuma, ina kistika kilichochakaa kinasomeka Cr-Mo. Mbele kuna shokapu, ila ilishakufa. Naiegemea na kifua chote haibonyei. Asubuhi natumia dakika 25, na kipande cha mwisho nashuka nasukuma, wanafunzi wananipita kwa miguu. Nikifika kazini naibeba ngazi mpaka ghorofa ya pili, maana chini waliwahi kuondoka na kiti cha mwenzangu.

Ni nzito jamani. Bajeti yangu ni 150,000 basi. Fundi wa mtaani kanishauri tutoboe matundu kwenye bomba la kiti na kwenye kranki (mikono inayobeba pedali) "ipumue". Nimekuja kwenu kabla sijampa drili.

Gololi Kavu
Usimpe hiyo drili! Tundu kwenye kranki linakupunguzia gramu chache tu na kukuongezea mahali pa ufa kuanzia. Siku ikikatika umesimama juu ya pedali unapanda, bomba la fremu utalikalia bila kupenda. Nasema kwa heshima zote.

Swali la kwanza: ina kilo ngapi?

Mpanda Ipogolo
Sijapima mkuu. Nzito tu.

Gololi Kavu
Kapime. Panda mzani wa zahanati au wa duka la dawa ukiwa umeibeba, kisha panda peke yako, toa. Au ikaninginize kwenye mzani wa bucha kama nyama. Bila namba utanunua vitu kwa hisia, na laki na nusu ya hisia inaisha siku moja.

Mtoto wa Fundi
Kuhusu hicho kistika: Cr-Mo ni chuma kilichochanganywa na kromi na molibdenamu. Watu wanadhani ni chuma chepesi. Hapana, kipande kwa kipande uzito ni uleule wa chuma cha kawaida. Tofauti ni kwamba kina nguvu zaidi, kwa hiyo kiwandani wanaweza kutumia bomba lenye ukuta mwembamba. Wepesi unatokea hapo.

Sasa stika inaweza kudanganya, au ikawa bomba moja tu ndiyo Cr-Mo na mengine chuma cha kawaida. Chomoa bomba la kiti, usome namba iliyochongwa karibu na alama ya mwisho wa kuvuta. Ukikuta milimita 27.2 au 26.8, fremu yako huenda ni nyembamba, itunze. Ukikuta 25.4, mara nyingi ukuta wa fremu ni mnene, huenda ni chuma cha kawaida hata stika iseme nini. Baba yangu alikuwa anachagua mitumba kwa kuangalia namba hiyo tu, rangi haijali.

Bi Spoku
Kabla hujanunua chochote, geuza baiskeli juu chini uzungushe magurudumu kwa mkono. Zungusha, uache, uhesabu. Gurudumu la mbele likiwa sawa linazunguka muda mrefu mpaka unachoka kuliangalia. Likisimama baada ya mizunguko mitatu minne, tatizo lako huenda siyo uzito kabisa, ni breki inayogusa au gololi zilizokauka. Nimeona watu wakinunua rimu (ringi) mpya kumbe padi ya breki ilikuwa inalamba ringi miezi sita.

Kijana wa Hesabu
Tuwe wakweli. Chukua wewe kilo 70, begi 4, baiskeli tuseme 18. Jumla 92. Ukifanikiwa kutoa kilo 4, ambayo ni kazi kubwa kwa pesa yako, umepunguza kama asilimia 4 ya mzigo unaoupandisha. Mlima wa dakika 25 unakuwa dakika 24. Ngazini utaona tofauti kubwa, mlimani ni dakika moja. Usije ukatulaumu.

Simba wa Lami
@Kijana wa Hesabu unasahau kwamba uzito wa kwenye magurudumu unahesabika mara mbili! Gramu moja kwenye tairi ni sawa na mbili kwenye fremu.

Kijana wa Hesabu
Mara mbili ni pale unapoongeza kasi, yaani unatoka kusimama mpaka unakimbia, kwa sababu tairi unalisogeza mbele na hapohapo unalizungusha. Ukiwa unapanda mlima kwa mwendo uleule, gramu ni gramu, hata iwe mfukoni. Ila nakubali tairi ni mahali pazuri pa kuweka pesa, kwa sababu nyingine: msuguano.

Bi Spoku
Hapo ndipo. Mkuu, tairi zako ni zile za vidole virefu vya tope? Na unapita lami muda wote? Hizo zinakula nguvu zako na unasikia zinalia "vuuu" barabarani. Tafuta 26x1.75 au 1.5 zenye mgongo laini katikati. Za waya ziko bei nafuu; za kukunjika, zenye uzi badala ya waya pembeni, ni nyepesi zaidi lakini kwa bajeti yako siyo lazima. Kisha jaza upepo kwa kusoma kiwango kilichoandikwa ubavuni, siyo kwa kubonyeza na kidole gumba kama unapima embe.

Tyubu usiguse. Zile nyembamba za kupunguza gramu 50 zitakufundisha majina yote ya miiba ya Iringa.

Mpanda Ipogolo
Nimerudi wakuu. Mzani wa bucha umesema kilo 17.9. Mwenye bucha kauliza nauza kwa kilo shilingi ngapi.

Bomba la kiti limechongwa 26.8. Gurudumu la mbele linazunguka vizuri. La nyuma limezunguka mara mbili likasimama!! Rimu imepinda kidogo, kila mzunguko inagusa padi ya kushoto. Tairi ndiyo zile za vidole. Na nimeona kitu kingine cha aibu: cheni haishuki kwenye sproketi (duara la meno) ndogo ya mbele, inaishia ya katikati. Nilidhani ndivyo zilivyo.

Gololi Kavu
Basi umekuwa unapanda ule mlima na sproketi ya katikati na breki imeshikilia. Mzee, wewe una mapaja.

Taja kila kitu kilichofungwa kwenye hiyo baiskeli ambacho hakikutoka nacho kiwandani.

Mpanda Ipogolo
Stendi ya chuma, ile ya miguu miwili. Karia. Madigadi za plastiki. Kisahani cha plastiki nyuma ya friwili (sproketi za nyuma). Na mnyororo wa kufuli niliouzungushia chini ya kiti, ule mnene wa pikipiki.

Bi Spoku
Kufuli la pikipiki la nini kama baiskeli inalala na wewe ghorofani?

Mpanda Ipogolo
😂😂 Dada umenishika. Mazoea tu.

Simba wa Lami
Fanya hivi: ondoa sproketi mbili za mbele ubaki na moja, ondoa swichi ya gia ya kushoto, waya wake na kile kidude cha kuhamisha cheni. Unaokoa karibu nusu kilo bila kununua kitu. Baiskeli nyingi mpya za milimani siku hizi zina sproketi moja mbele.

Mtoto wa Fundi
@Simba wa Lami, baiskeli mpya zina sproketi moja mbele kwa sababu nyuma zina meno mpaka 50. Ya kwake ina friwili ya saba, kubwa kabisa huwa 28. Nipige hesabu: sproketi ya mbele yenye meno 34 ikikutana na 28 ya nyuma, pedali ikizunguka mara moja anasogea kama mita mbili na nusu. Akiwa na ile ndogo ya 24, anasogea mita 1.8 hivi. Kwenye mlima ile ndogo ndiyo mkombozi wake, wewe unamwambia aitupe! Halafu nyingi za kranki hizi za zamani za bei ya chini sproketi zimepigwa ribiti, hazifunguki kwa spana.

Mleta uzi, rekebisha skrubu ya kikomo ya kile kidude cha mbele, ile yenye alama ya L, ilegeze robo mzunguko kwa wakati mpaka cheni ishuke. Kama waya umekaza kwa kutu, badilisha waya. Hiyo ni kazi ya shilingi elfu chache na itakusaidia kuliko fremu ya aluminiamu.

Karura Mtaani
Niko Nairobi. Mimi niliondoa shokapu iliyokufa kwenye baiskeli kama hiyo nikaweka foku (uma wa mbele) ngumu ya chuma, isiyobonyea, nikaokoa zaidi ya kilo moja. Shokapu za bei ya chini huwa na uzito wa kilo mbili na nusu ama zaidi, na ikishakufa ni chuma tupu unatembeza. Lakini pima kabla ya kununua, usinunue kwa macho:

Shingo yake ya juu, ni ya nyuzi kama za skrubu ama ni laini inayokazwa na bolti? Unene ni inchi 1 ama 1 na 1/8? Halafu urefu kutoka ekseli hadi pale foku inaingia kwa fremu. Ukiweka foku fupi kwa sentimita nne tano, baiskeli inainama mbele, usukani unakuwa mwepesi wa kugeuka vibaya, na pedali zinakaribia kugonga chini kwa kona. Na ukiwa unatumia breki za V (zile za mikono miwili inayobana rimu), foku lazima iwe na vile vichuma viwili vya kushikia breki. Mimi ya kwanza nilinunua haina. Iko hapo nyuma ya mlango mpaka leo.

Mzee Avon
Sisi tulipanda na baiskeli ya Phoenix, gunia la mahindi nyuma, gia moja. Hatukuwa na uzi wa mtandaoni wa kuuliza.

Bi Spoku
Shikamoo mzee. Na magoti yanaendeleaje?

Mzee Avon
Marahaba. Magoti tusiyaongelee.

Mpanda Ipogolo
Wakuu, mrejesho baada ya wiki tatu.

Bure kabisa: nimetoa stendi, kufuli na kile kisahani. Kilo 2.3 zimeondoka! Kufuli peke yake lilikuwa 1.6. Karia nimebaki nayo, mniwie radhi. Begi likikaa mgongoni nafika kazini shati limelowa, na mimi nakaa na wateja. Madigadi pia zimebaki, mvua zinakuja.

Nimepata foku ngumu ya mtumba, shingo 1 na 1/8, fupi kwa sentimita moja na nusu tu kuliko shokapu, 35,000. Imetoa kilo moja na nusu. Tairi mbili za mgongo laini 56,000, zimetoa kama gramu 600 zote mbili. Kunyoosha rimu, gololi, grisi, padi na waya 21,000. Fundi ni yuleyule wa drili, kumbe kunyoosha spoku anajua sana. Jumla 112,000.

Mzani wa bucha: 13.5.

Asubuhi natumia dakika 19 na sishuki. @Kijana wa Hesabu alisema dakika moja, na naamini dakika moja ndiyo ya uzito, nyingine ni ile breki na sproketi ndogo. Jumatatu niliibadili kwenda sproketi ndogo pale pa kusukumia nikacheka peke yangu. Ngazi za ofisini nabeba kwa mkono mmoja, mwingine umeshika chai.

Kasoro moja: foku ngumu inagonga viganja kwenye matuta ya kuteremkia.

Karura Mtaani
Punguza upepo wa tairi ya mbele kidogo kuliko ya nyuma. Na mikono usiikaze, kunja viwiko.

Gololi Kavu
Una 38,000 imebaki. Usiiguse. Cheni ya zamani namna hiyo ipime: hesabu viungo 24 kamili, kutoka pini mpaka pini lazima iwe inchi 12. Ikifika inchi 12 na 1/16, badilisha kabla haijala sproketi yako ndogo, maana sasa ndiyo utaichosha.

Mpanda Ipogolo
Nimepima sasa hivi na rula ya mtoto. Imezidi kidogo sana, haijafika moja ya kumi na sita. Naifuatilia.

Shokapu ya kilo mbili na nusu ninayo, natoa bure kwa anayetaka vyuma. Aje aichukue Ipogolo mwenyewe, mimi siipandishi tena mjini.