Tulichangia kituo cha kunasa radi Luchelele, leo waya wake unaanikiwa kanga. Hesabu ziko wapi?

Wakuu heshima kwenu. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite. Mods, msiuunganishe na zile nyuzi za vikoba, hii ni kesi nyingine.

Mimi ni fundi redio, nina kibanda Makoroboi mwaka wa 13 huu. Niliingia kwenye chama kimoja cha sayansi ya redio hapa Mwanza (jina nalihifadhi, wenyewe wanajijua na humu wamo) kwa sababu moja tu: radi. Mdogo wangu anavua dagaa. Mwezi ukiingia giza, yeye analala ziwani na taa zake za sola. Na watu wa huku mnajua, nchi kavu mvua hupiga alasiri, ziwani hupiga usiku, kwa sababu usiku upepo wa nchi kavu unashuka kutoka kila pande na kukutana katikati ya maji. Hapo hapo ndipo mitumbwi ilipo.

Sasa radi ikipiga inarusha mawimbi ya redio. Washa redio ya zamani, masafa ya kati, wingu likiwa limefunga upande wa Ukerewe. Utasikia krr, krrr, kama dagaa wanaoingia kwenye mafuta ya moto. Kelele hiyo ina nguvu zaidi huko chini kabisa, kwenye kilohezi 10 hivi, na huko mawimbi yanasafiri maelfu ya kilomita yakidunda kati ya ardhi na ionosfia, lile tabaka la juu angani lenye chembe za umeme. Kuyanasa hakuhitaji mabilioni. Fremu ya mbao, waya wa shaba uliozungushwa, kikuza sauti, kompyuta chakavu, na saa inayofuata GPS ili ulinganishe na vituo vingine. Kituo kimoja hakitoshi kukuonyesha radi imepiga wapi, ndiyo maana mpango ulikuwa tuanze Luchelele, halafu Nansio, halafu Bukoba na Musoma. Mpango mzuri. Hata leo na hasira zangu nasema ulikuwa mzuri.

Mwaka 2023 tulikuwa watu 40. Kila mmoja akatoa laki na ishirini ya kituo, na elfu hamsini juu yake, "ada ya kimataifa", ambayo tumeendelea kuitoa kila mwaka. Mwenyekiti alisimama akasema hiyo inakwenda Brussels kwa URSI, umoja wa kimataifa wa sayansi ya redio, na kwamba bila hiyo hatutambuliki duniani. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, nakiri.

Mwaka jana ndo nikakaa chini kusoma. URSI ilianzishwa Brussels kweli, 1919, lakini sekretarieti yake iko Ghent, huko huko Ubelgiji. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba ada ya uanachama kule inalipwa na nchi, kupitia kamati yake ya taifa, kulingana na daraja ililojiweka. Siyo fundi wa Makoroboi anayetuma elfu hamsini kwa simu kwenye namba ya shemeji wa mweka hazina.

Halafu nikakutana na hesabu zao. Wana jarida, Radio Science Bulletin, na matoleo yake ya nyuma yamebeba mizania ya umoja mzima. Wakuu, nilikaa nayo mpaka saa saba usiku. Mishahara ya sekretarieti ina mstari wake. Mkaguzi wa hesabu, mstari wake. Makato ya benki, MAKATO YA BENKI, yana mstari wake. Nishani yao ya dhahabu ya Balthasar van der Pol ina mfuko wake, na uwekezaji wa mfuko huo umeandikwa ni vipande vingapi. Hao ni watu wenye kamisheni kumi, yaani vitengo vya fani, kuanzia vipimo mpaka mawimbi ya redio kwenye mwili wa binadamu.

Sisi wenye kibanda kimoja cha mabati tulipewa karatasi hii, naiandika kama ilivyo:

Mapato 6,800,000. Vifaa 1,150,000. Safari ya mwenyekiti 4,200,000. Mengineyo 1,450,000. Salio 0.

Basi. Hakuna risiti, hakuna muhuri. Hiyo ni ya 2023. Ya 2024 na 2025 hata karatasi hakuna.

Safari yenyewe ilikuwa Sapporo, Japani, Agosti 2023, kwenye mkutano mkuu wa URSI ambao huwa kila baada ya miaka mitatu. (Haujawahi kuletwa Afrika, ila hilo ni lao, leo nina ya kwetu.) Mzee alirudi na begi la kitambaa na picha moja amevaa kitambulisho shingoni. Ripoti hatukuona. Kinachoniuma zaidi ni hiki: mkutano ule una tuzo za wanasayansi vijana, walio chini ya miaka 36. Ukipeleka andiko likapita, unasamehewa kiingilio na unapewa malazi, na wa nchi zinazoendelea wanafikiriwa kwanza. Chamani kwetu kuna binti aliyekuwa na miaka 24 wakati ule, ameandika kazi safi kabisa kuhusu mvua ya Mwanza inavyokata mawimbi ya ving'amuzi. Hakuna aliyemwambia. Akaenda mzee wa miaka 58 kwa hela yetu.

Jumapili nilipanda daladala ya Nyegezi, nikaunga bodaboda mpaka Luchelele. Kibanda kipo. Fremu imelala kifudifudi, upande mmoja umeliwa na mchwa. Waya wa shaba umefunguliwa wote, umevutwa kutoka mlingoti mpaka mwembe, na juu yake kanga tatu na shuka la mtoto. Mama mwenye kanga aliniuliza kwa upole, "Baba, waya ni wa kwako?" Nikamwambia hapana, aanike tu.

Nikapiga picha, nikaweka kwenye grupu la chama. Mwenyekiti akajibu, "Tusichafuane, mambo ya ndani yamalizwe ndani." Nikauliza yamalizwe lini. Dakika tisa, nimetolewa. Skrinshoti ninazo.

Na sasa wameanza tena. Mkutano ujao ni Krakow, Poland, Agosti 2026, mchango laki mbili kwa kila mtu.

Waliobaki kwenye grupu, msitoe hata mia kabla hamjaona taarifa ya benki ya miaka mitatu. Kesho saa nne asubuhi nakwenda Luchelele kuchukua betri ya kile kituo. Niliinunua mimi, na risiti yake iko kwenye pochi yangu.