Navuta sigara na mke wangu ni mjamzito: je, mtoto anaweza kupata saratani?

BabaKijacho: Wakuu, naombeni ushauri. Mke wangu ana mimba ya wiki kumi. Mimi navuta pakiti moja kwa siku, mwaka wa tisa huu. Tangu tujue navutia nje, lakini juzi nilipoingia alinivua koti mlangoni, akaenda kulianika uani bila kusema neno. Usiku sikulala. Nimesoma kuwa sigara ya baba inaweza kumletea mtoto saratani ya damu. Nimeshachelewa?

NesiWaZamu: Mkuu, nitakwambia bila kuficha. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lilihitimisha mwaka 2009 kwamba uvutaji wa wazazi husababisha hepatoblastoma, saratani ya ini ya watoto wadogo. Kwa saratani ya damu ushahidi upo, ila haujatosha kukata shauri. Kwa baba madhara huanza kabla ya mimba: moshi huharibu vinasaba vya mbegu za kiume, nazo huchukua kama miezi mitatu kukomaa. Ya nyuma huwezi kuyarudisha. Ila mkeo bado anavuta hewa unayoingia nayo, na mtoto akizaliwa atalala kifuani pako. Saratani hizi ni nadra, watoto wengi mno wa wavutaji hawazipati. Hata hivyo acha. Mama naye asiguse pombe, na vidonge vya asidi ya foliki asiviruke.

MamaWaMmoja: Kaka, mwanangu aliugua saratani ya damu akiwa na miaka minne. Mimi sivuti wala sinywi, baba yake vilevile. Nilikesha miezi nikijihoji: ile dawa ya mbu niliyopuliza chumbani? Daktari aliniambia visa vingi havina chanzo kinachojulikana. Leo ana miaka tisa na amepona. Sisemi haya ili uendelee kuvuta! Nasema tu msije mkatupiana lawama humo ndani.

Mstaafu_wa_Moshi: Mimi sigara ya baada ya kula ndiyo ilinitesa. Nikawa nikimeza tonge la mwisho nainuka kuosha vyombo, mikono iwe na maji. Ulizia kliniki vibandiko vya nikotini, vilinisaidia sana.

BabaKijacho: Asanteni sana, dada umenigusa. Pakiti ilikuwa na sigara 11, nimeziloweka kwenye ndoo. Kliniki ni Jumatano, tunaenda wote wawili.