Kilimo cha maji jangwani: mabomba, ndoo au Kratky?

Mchanga_Moto: Wakuu, salamu. Niko eneo la jangwa na nataka kuanza kilimo cha maji, yaani kupanda bila udongo, mizizi ikila virutubisho vilivyoyeyushwa majini. Nimebakiwa na chaguo tatu: mabomba yanayopitisha maji kidogo kidogo (NFT), ndoo zenye pampu ya hewa, au chombo kisicho na pampu, mtindo wa Kratky. Hela ipo, ila sitaki kununua mara mbili. Nichukue upi?

BibiMrehani: Unapanda nini? Maji ya bomba au ya kisima? Umeme unakatika? Ndani au nje? Umeuliza bei ya kiatu bila kutaja mguu.

FundiPampu: Mabomba. Maji machache, nafasi ndogo, unavuna mfululizo. Mengine ni ya watoto wa shule.

Kivuli50: FundiPampu usimpoteze mwenzio. Mimi nilikuwa na mabomba hayo nje, kiangazi. Mchana fyuzi ikaungua, pampu ikanyamaza. Kwenye NFT mizizi inalambishwa maji tu, hakuna akiba, kwa hiyo niliporudi nyumbani letusi zote zilikuwa zimelala. Nikawasha tena, zikainuka nusu, nikafurahi. Kumbe maji kwenye tangi yalishapata moto. Maji yenye nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Yakifika 30 inabaki kama 7.5, na ndipo Pythium, kimelea kinachoozesha mizizi, kinaposherehekea. Mizizi ikawa ya kahawia, inateleza, inanuka. Nilitupa kila kitu, na muuzaji akaniambia eti mbegu zilikuwa mbovu!

FundiPampu: Hiyo ni fyuzi, si mfumo. Fukia tangi ardhini, tandaza neti ya kivuli, weka pampu ya akiba.

BibiMrehani: Pampu ya akiba bila umeme ni pambo. Kratky haihitaji hata waya: maji yanashuka, mizizi ya juu inapata hewa. Ila usijaze tena mpaka juu, utaizamisha ile iliyozoea hewa. Na chombo kisipitishe mwanga, la sivyo utavuna mwani.

Mchanga_Moto: Samahani, nilisahau. Ni nje, maji ya kisima, yana chumvichumvi. Nataka letusi na nyanya.

BibiMrehani: Hilo ndilo la kuanza nalo, mwanangu!

Tone_Moja: Umepima EC ya hayo maji, yaani wingi wa chumvi na virutubisho vilivyoyeyuka? Letusi inataka EC ya 1 hivi (mS/cm), nyanya 2 na kuendelea, kwa hiyo tangi moja haliwafai wote wawili. Sodiamu mimea haiitaki, inabaki ikijilimbikiza kila ukiongeza maji. Nunua kichujio cha osmosisi, kile kinachotoa chumvi majini, kwanza, mabomba baadaye.

Kivuli50: Kichujio hicho kinamwaga maji mengi kuliko yanayotumika. Jangwani kweli?

Tone_Moja: Yanayomwagwa mwagilia mitende, inavumilia chumvi.

FundiPampu: Sasa tumehamia kwenye mitende.

BibiMrehani: Nyanya kwenye joto kali hutoa maua yakapukutika tu. Panda msimu wa baridi, kwenye ndoo za perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba), siyo mabomba.

Kivuli50: Perlaiti? Mimi nyuzi za nazi, zinashika maji zaidi.

Tone_Moja: Nyuzi za nazi nazo huja na chumvi zisipooshwa vizuri.

Mchanga_Moto: Wakuu, kipimo cha EC kinasomwaje? Hiki changu kina namba mbili.