Mama ana mtoto wa jicho AU presha ya macho? Nimechanganyikiwa wakuu

kijana_wa_kondoa
Wakuu habari za jioni. Mama yangu ana miaka 67, toka mwaka jana analalamika jicho la kulia lina ukungu, anasema kama anaangalia kupitia mfuko wa nailoni, na usiku taa za gari anaziona zimetawanyika. Walikuja watu wa macho pale kijijini wakampima wakasema mtoto wa jicho. Juzi nimempeleka hospitali wakasema na presha ya macho ipo, sasa mbona presha yake akipimwa mkononi iko poa tu? Halafu kuna jirani kamletea matone eti yanamyeyusha huyo mtoto. Ni ugonjwa mmoja una majina mawili au? Mama mwenyewe anaamini ni kinyama kimeota.

nesi_mstaafu
Pole kwa kuuguza mwanangu. Hakuna kinyama. Ile nyeusi ya katikati ya jicho ni tundu tu, mwanga unapitia hapo, na nyuma yake kuna lenzi. Ujanani lenzi ni angavu kabisa, inakusanya mwanga uangukie kwenye retina kule nyuma. Uzee ukiingia inapata ukungu, fikiria ute wa yai ukishaingia kwenye kikaango unavyogeuka mweupe. Umeshaona yai la kukaanga likarudi bichi? Basi na hayo matone ya jirani ni hivyo hivyo. Hapo ni operesheni, wanatoa lenzi iliyochakaa wanaweka ya bandia, wengi wanapigwa ganzi ya jicho tu na haifiki hata saa.

Presha ya macho ni kitu kingine. Ndani ya jicho, sehemu ya mbele, kuna maji (sio machozi) yanatengenezwa na kutoka muda wote. Njia ya kutokea ikiziba yanajaa, presha inapanda, inaumiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21 (milimita za zebaki), na haipimwi mkononi, inapimwa kwenye jicho lenyewe. Ubaya wake mara nyingi haiumi, wengi hawajui kitu, inaanza kula uono wa pembeni kidogo kidogo na kilichokwisha kupotea hakirudi. Mtoto wa jicho ukichelewa bado unaona tena ukitolewa, huyu mwingine hasubiri.

Fundi Selemara
Mkuu sikia ya nesi. Mzee wangu macho yalikuwa yanamuwasha akawa anajinunulia matone ya deksamethasoni (ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu) duka la dawa bila cheti, aliyapenda kwa sababu wekundu unaisha siku hiyo hiyo, akaenda nayo miezi na miezi. Kumbe steroidi ukitumia muda mrefu inapandisha presha ya jicho na mtoto wa jicho inaleta pia, akapata vyote viwili!! Jicho moja sasa hivi anaona kama anachungulia kwenye bomba, ukimjia ubavuni anashtuka. Hiyo chupa ya jirani soma imeandikwa nini kwanza.

shemeji_wa_wote
Mi nilijua presha ya macho inaletwa na simu 😂

nesi_mstaafu
Hapana, simu inachosha na kukausha macho tu. @kijana_wa_kondoa nyie watoto wake na ndugu zake wa tumbo moja mkapimwe, presha ya macho inatembea kwenye ukoo, hasa mkishavuka 40.

kijana_wa_kondoa
Asanteni sana, chupa nimeisoma, ni deksamethasoni kweli, nimeitupa. Sasa kinaanza kipi, operesheni au dawa ya presha?

nesi_mstaafu
Hilo aamue daktari wa macho akishampima presha na kuangalia ule mshipa wa nyuma. Wakati mwingine mtoto wa jicho aliyekomaa sana anavimba, anaziba ile njia ya maji, ndiyo presha inapanda, hapo kuitoa lenzi kunasaidia vyote. Ila wengine wanakaa na matone ya presha maisha yao yote na wala hawaruhusiwi kuruka hata siku. Na jicho likianza kuuma ghafla, likawa jekundu, kichwa kinapasuka na anatapika, usingoje kesho, huo ni usiku huo huo.

kijana_wa_kondoa
Sawa mama nesi, Jumatatu tunarudi. Anauliza hiyo lenzi wakishaitoa anapewa aende nayo nyumbani?

nesi_mstaafu
Hahaha mwambie asibebe kopo.