Naomba ushauri: kanuni za wafanyakazi saluni

Hamjambo wenzangu. Nina saluni ndogo hapa Kondele, Kisumu, na wasusi wanne. Kila kazi tunagawana nusu kwa nusu. Tumeishi kama ndugu, bila kanuni yoyote ya maandishi. Wiki iliyopita mmoja alimpaka mteja dawa ya kulainisha nywele bila kumuuliza kama amejikuna kichwa, wala kumpaka mafuta ya kukinga ngozi, kisha akazama kwenye simu. Mama wa watu aliungua hadi akatoka vidonda nyuma ya sikio. Nilimrudishia pesa na kumlipia matibabu, lakini bado roho inaniuma.

Sasa nataka kuandika: simu kando mteja akiwa kitini, vitana na mikasi vioshwe na kutiwa dawa kila baada ya mteja, siri za wateja zisitoke nje. Kuchelewa tutaelewana. Kinachonitatiza ni adhabu. Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka mipaka ya makato, kwa hivyo kukata pesa naogopa. Wanaolipwa kwa kamisheni mnawarudi vipi bila kuwafukuza? Na huyu, nimpe barua ya onyo, au kwanza afundishwe upya? Kwa kusuka, mkono wake hauna mfano.