Ushauri: Kikohozi cha watoto kinahama kijiji hadi kijiji, nitakifuatiliaje bila maabara?

Tabibu wa Mpakani

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni tabibu kwenye zahanati moja wilayani Mkinga, Tanga, si mbali na Horohoro, mpakani na Kenya. Tunahudumia vijiji vitatu na watumishi tuko wachache. Wiki hizi za karibuni watoto wenye mafua, kikohozi na homa wameongezeka mno. Walianza wa kijiji cha barabarani, wakafuata wa kijiji cha pili, na sasa wanaletwa wa pwani kabisa, kule kwa wavuvi. Wengi hawajafika miaka miwili. Kifua kinakoroma, wanahema haraka haraka. Wawili nimewapa rufaa kwa sababu mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila wakivuta pumzi. Malaria nimepima, wengi hawana.

Nilicho nacho ni kitabu cha MTUHA (rejista ya serikali ya taarifa za afya) cha wagonjwa wa nje, simu yangu, na WAJA (wahudumu wa afya ngazi ya jamii) wawili wanaoijua kila nyumba. Kwa hivyo tu, naweza kujua kirusi hiki kinatembeaje? Mpaka sasa nahesabu waliokuja kila siku, ila namba hazisomeki: Jumatatu watoto wanajaa mpaka nje, Alhamisi hakuna mtu. Halafu mwenyekiti wa kijiji kimoja anataka nimpe majina ya kaya zenye wagonjwa ayasome mkutanoni.

Naombeni ushauri, hasa kwa waliowahi kufanya kazi ya ufuatiliaji wa magonjwa. Nawasilisha.

Kaka wa Takwimu

Pole kwa kazi mkuu. Kabla ya lolote, mpigie mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya leo hii, usingoje ripoti ya wiki. Vijiji vitatu kufuatana na watoto wawili wa rufaa ni habari tosha.

Sasa namba zako. Unahesabu siku ya kuja zahanati, na siku hiyo haikuambii kirusi kilikuwa wapi, inakuambia mama alipata nafasi lini. Jumatatu wanajaa kwa sababu Jumamosi na Jumapili walikaa nyumbani wakingoja. Alhamisi ukichunguza utakuta kuna gulio mahali. Na angalia jambo moja ambalo watu wa takwimu maofisini hawalioni: dawa zikiisha, watu wanaambiana, hawaji tena, na chati yako inashuka kana kwamba ugonjwa umepungua. Siku boksi la dawa likishuka kwenye gari, kesho yake foleni. Chati imepanda, lakini kirusi hakijafanya kitu kipya.

Kwa hiyo muulize kila mzazi siku dalili zilipoanza, na chati yako uichore kwa tarehe hiyo. Chukua karatasi ya mraba ya hesabu za shule, kila mtoto kiboksi kimoja juu ya tarehe aliyoanza kuumwa, kila kijiji rangi yake ya kalamu. Ndani ya wiki moja utaona kwa macho kijiji kipi kilitangulia na kipi kinapanda sasa. Kompyuta haihitajiki hapo.

Pia andika jumla ya watoto wote waliokuja siku hiyo kwa ugonjwa wowote. Watoto kumi wa kikohozi kati ya kumi na wawili si sawa na kumi kati ya hamsini.

Bin Kombo

Salaam ndugu yangu, nakuandikia kutoka Kilifi, Kenya. Ulivyoeleza, watoto wadogo kukoroma kifua na kuhema mbio, mimi kingenijia kichwani kirusi cha RSV, kinachoshambulia mapafu ya watoto wachanga, ingawa bila sampuli hatuwezi kuapa. Huku kwetu kimefuatiliwa sana na watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, kituo cha utafiti wa tiba. Msimu wa 2009 kuingia 2010 walichukua kaya 47 na kupima pua za watu wote wa nyumbani, mgonjwa na mzima, mara mbili kwa wiki kwa karibu miezi sita. Hebu fikiria uvumilivu wa hao kina mama.

Walichokuta ndicho kitakusaidia wewe. Mtoto mchanga anayeambukizwa nyumbani, mara nyingi kirusi kimeletwa na kaka au dada mkubwa, hasa yule anayekwenda shule. Mkubwa anapata mafua mepesi au hana dalili kabisa, anacheza kama kawaida, anambeba mdogo wake mgongoni. Mdogo ndiye anayeletwa kwako hawezi kunyonya.

Basi ongeza swali la pili kwa kila mzazi: nani alianza kukohoa nyumbani, na anasoma wapi? Majibu yakianza kurudia shule ileile au chuo kilekile cha Qurani, umeshaijua njia. Mtoto aliye mbele yako ni mwisho wa mnyororo, wewe unatafuta pete iliyotangulia.

Mikroskopu

Samahani wakuu, mimi ni mtu wa maabara na hapa natofautiana nanyi kidogo. Kikohozi si kirusi. Kuna RSV, kuna influenza, kuna UVIKO-19, kuna adenovirusi, na vyote vinaweza kuzunguka kwa wakati mmoja. Unaweza kuchora chati nzuri ya rangi tatu kumbe ni magonjwa mawili yamepishana njiani.

Bila vipimo, hesabu zako ni za dalili, na uziite hivyo kwenye ripoti. Ila usikate tamaa, si lazima kupima kila mtoto. Sampuli chache za watoto walioanza kuumwa ndani ya siku chache zinatosha kujua ni nini kinazunguka, kisha dalili ndizo utakazoendelea kuhesabu. Iombe wilaya ilete vijiti vya kuchukulia sampuli puani na chupa zenye kimiminika maalumu. Sampuli ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, kwenye boksi la baridi kama la chanjo, na ifike maabara ndani ya siku tatu. Usijaribu kuchukua mwenyewe bila vifaa na bila ruhusa.

Kaka wa Takwimu

Mikroskopu uko sahihi, na ndiyo maana sharti awe na tafsiri moja ya mgonjwa na asiibadilishe katikati. Kwa mafua makali Shirika la Afya Duniani linatumia homa ya nyuzi 38 au zaidi pamoja na kikohozi, kilichoanza ndani ya siku 10. Lakini kwa RSV ukidai homa utawapoteza watoto wachanga wengi, maana wanaumwa sana bila joto kupanda. Mkuu, kwa hali yako ningeandika kila mwenye kikohozi kilichoanza ndani ya siku 10, na homa niiweke safu yake pembeni.

Na hesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni kuhema haraka. Miezi miwili mpaka kumi na moja ni 50, mwaka mmoja mpaka mitano ni 40. Ukiiandika namba yenyewe, utajua kama wimbi linazidi kuwa kali au linapanuka tu.

Mama Salma

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, niko Pangani. Kaka zangu mmesema vizuri, lakini hiyo tarehe ya kuanza kuumwa haipatikani kirahisi hivyo. Ukimuuliza mama "alianza tarehe ngapi?" atakujibu "juzijuzi" na wewe utaandika chochote. Muulize kwa mambo anayoyakumbuka: alianza kabla ya gulio au baada? Ijumaa wanaume walipotoka msikitini alikuwa anakohoa? Usiku ule wa mvua kubwa alilala vizuri? Hapo tarehe inatoka.

Pia usiulize "kuna mgonjwa mwingine nyumbani?" Watakwambia hakuna, maana mafua ya mtoto wa darasa la tatu hawayahesabu kuwa ugonjwa. Uliza "nani anapenga kamasi?" Utashangaa.

Na hao WAJA wako wape eneo lisilobadilika. Nyumba zilezile, siku ileile ya wiki, ziwe na mgonjwa au zisiwe naye. Akienda tu kule alikosikia kuna mgonjwa, kijiji chenye kelele ndicho kitaonekana kinaumwa, na kule kwa wavuvi, ambako mama hana nauli ya kuja kwako, patakuwa pametulia kwenye karatasi tu.

Daktari Mstaafu

Mama Salma amegusa lile linaloniuma miaka yote: wanaokuja kituoni ni kipande tu cha wanaoumwa. Kenya walituonyesha hili wakati wa korona. Kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wagonjwa waliothibitishwa nchi nzima walikuwa elfu chache tu. Watafiti wakapima kingamwili (alama za kinga zinazobaki mwilini baada ya kuambukizwa) kwenye damu ya wachangiaji wa damu, wakakadiria kwamba karibu asilimia 4.3 walikuwa tayari wameambukizwa, na Mombasa na Nairobi zaidi ya hapo. Mapema 2021 makadirio kwa wachangiaji hao yalikaribia nusu. Kirusi kilikuwa kimepita majumbani, vitabu vya hospitali havikukiona.

Kuhusu mwenyekiti, mkatalie kwa heshima. Usimpe jina hata moja. Kaya ikisomwa mkutanoni, wiki ijayo mama wa nyumba ile hatakuja kwako, atakwenda duka la dawa au atakaa na mtoto ndani mpaka achoke. Utakuwa umempoteza mtoto na umepoteza na taarifa. Mpe kitu atakachokifanyia kazi: kitongoji gani kinapanda, na ujumbe kwamba mtoto mchanga asibebwe na mwenye mafua, na anayehema haraka au asiyeweza kunyonya aletwe siku hiyohiyo hata usiku. Mwenyekiti mwenye jambo la kutangaza huacha kudai majina.

Tabibu wa Mpakani

Wakuu, nashukuru sana, Mungu awabariki. Nimeshaongea na mratibu wa wilaya, amesema watakuja na vifaa vya sampuli. Nimeanza kuuliza kama alivyofundisha Mama Salma, na tayari jibu la "kaka yake wa shule" linajirudia kwa familia za kijiji cha barabarani. Kwa wavuvi ni tofauti, wengi wanasema kimeanza baada ya wageni kutoka Vanga kuja arusini.

Maswali mawili. Kitabu cha MTUHA hakina safu za hayo maswali mapya, nizichore pembeni? Na upande wa Kenya niwapigie wenzangu wa zahanati moja kwa moja?

Kaka wa Takwimu

Kitabu cha serikali usikichore. Nunua daftari la kaunta, andika namba ya mgonjwa kutoka MTUHA badala ya jina, kisha kitongoji, umri, tarehe ya kuanza, nani alianza nyumbani, shule, homa, pumzi kwa dakika. Daftari lifungiwe kabatini. Na tazama siku kati ya wa kwanza na wa pili kuumwa nyumba moja. Influenza hujitokeza siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa, RSV mara nyingi siku 4 hadi 6. Haithibitishi kitu kwa nyumba moja, ila nyumba nyingi zikisema mamoja, wape watu wa maabara taarifa hiyo.

Bin Kombo

Vanga iko kaunti ya Kwale. Pitia kwa mratibu wako, naye awasiliane na mwenzake wa Kwale. Mwambie ataje arusi hiyo na tarehe yake, maana huku watauliza hilo kwanza. Mimi kesho nitawauliza ninaowafahamu Lunga Lunga kama zahanati zao zimeanza kujaa watoto, nitakujibu hapahapa.